Wiki ambayo saa yangu hukubaliana na jua

Saa 11:40 alfajiri

Leo ni Machi 20 na nimeamshwa na ndege kabla ya kengele ya simu. Ni yule mweusi mwenye mdomo wa rangi ya chungwa, anayetua kwenye antena ya jirani na kuimba kama aliyelipwa. Desemba nzima alikuwa bubu, kazi yake kuparua majani makavu chini ya ua wa miti kama kuku. Sasa mtaa wetu hapa Ashford, Kent, hauna haja ya saa ya ukutani.

Nachemsha chai ya maziwa, natia tangawizi, namalizia mkate wa jana. Nje, vioo vya magari vimeshika sakitu, ile barafu nyembamba ya alfajiri.

Saa 12 asubuhi

Nipo kituo cha basi na jua linachungulia nyuma ya paa za nyumba.

Huu ni mwaka wangu wa sita huku na bado nasoma saa kwa Kiswahili. Mtu akiniambia tukutane saa nane asubuhi kwa saa yao, kichwani naandika mbili. Tatizo ni kwamba saa zetu zilitungwa mahali ambapo jua halina visirani. Kwetu Wundanyi, Kenya, linachomoza saa 12 na kitu, mwaka mzima. Huku, mwisho wa Desemba linatoka saa 2 asubuhi na halifiki saa 10 jioni kabla ya kuzama. Juni ndiyo kabisa: saa 3 usiku unaisema huku jua linakupiga usoni, unajiona mwongo.

Lakini ipo wiki moja ya Machi, hii tuliyo nayo, jua linatoka saa 12 na kuzama saa 12 na dakika chache. Kwangu hiyo ndiyo dalili ya kwanza ya majira ya kuchipua. Maua ni ya pili. (Wapo wanaoyaita majira haya masika. Sikubali. Masika ni mvua, na mvua ya huku hainyeshi kwa msimu, inanyesha kwa mazoea.)

Raha yenyewe ni fupi. Jumapili ya mwisho ya mwezi watasogeza saa mbele na kuniharibia kila kitu.

Saa 2 asubuhi

Kazini. Ni bustani ya nyumba ya watu, kubwa kiasi cha kututosha wawili: mimi na mzee mmoja Mwingereza ambaye amekuwa mtunza bustani tangu ujana. Salamu yake leo: "Udongo umeanza kupumua." Kwa mtu asiyependa maneno, hiyo ni hotuba.

Udongo wa upande huu ni mfinyanzi mzito. Ukiukanyaga mbichi unashindilika kama tofali, kwa hiyo majira ya baridi tunapita juu ya mbao. Leo mzee ameokota bonge, akalifinya, likavunjikavunjika mkononi. Mbao zikarudi stoo.

Saa 2:30 mpaka saa 5

Snodropu. Ni ua dogo jeupe linaloinamisha kichwa, miongoni mwa ya kwanza kutoka, baridi ingalipo. Januari lilitoboa udongo ulioganda kwa ncha ngumu za majani yake. Sasa maua yamesinyaa, yamebaki majani, na huu ndio wakati wa kuyagawa, majani yangali mabichi. Ukisubiri yakauke, matunguu yaliyo chini ya udongo nayo hukauka upesi yakikaa nje, na mengi hayashiki tena.

Mwaka wangu wa kwanza hapa sikujua. Niliona majani yaliyolala ovyo chini ya miti, nikadhani magugu, nikayang'oa wilbaro nzima na kuyapeleka kwenye mboji. Mzee alikuja, akatazama, akainama na kuanza kuyatoa moja moja bila kusema neno. Afadhali angenifokea.

Kazi yenyewe ni ya magoti. Unapitisha uma mbali kidogo na fungu, unaliinua zima na udongo wake. Ndani ni matunguu yaliyobanana, kila moja dogo kuliko kitunguu maji, yamesukumana mpaka mengine yamekuwa bapa upande mmoja. Unayatenganisha kwa vidole, polepole, mizizi ni myeupe na inakatika haraka. Kisha unayarudisha matatu matatu kwenye shimo jipya. Kina usibuni: kila mche una alama yake, pale weupe unapogeuka kijani. Hapo ndipo usawa wa udongo ulipokuwa, na hapo ndipo uurudishe.

Fungu moja limenipa matunguu 41. Nimehesabu kwa sababu mzee hahesabu.

Saa 7 mchana

Chakula cha mchana juu ya ndoo iliyopinduliwa, mgongo kwenye ukuta wa matofali unaoelekea kusini. Ukuta una joto! Nimevua koti kwa mara ya kwanza tangu Oktoba. Dafodili zimejaa mbele yangu, manjano mtindo mmoja. Watu wa huku wanazipenda mno. Mimi naona zinapiga kelele. Primrosi, zile za manjano hafifu zinazojificha chini ya ua wa miti, ndizo zangu.

Nampigia mama. Kwao ni saa 10 alasiri.

"Mama, mvua imefika?"

"Imenusa tu ikapita. Wenzangu wameshapanda mahindi kwenye vumbi. Mimi nangoja."

"Ngoja kidogo, mama."

"Sasa wewe unanifundisha kulima?"

Tumecheka. Lakini nimekata simu nikifikiri kwamba mwezi huu yeye na mzee wangu wa huku wanafanya jambo lilelile, mmoja akitazama mawingu, mwingine akifinya udongo.

Saa 8 mchana

Kupogoa mawaridi yaliyobaki. Unakata juu kidogo ya jicho linalotazama nje, basi. Miiba imenila mikono.

Katikati ya kazi nimesikia mvumo mzito. Nyuki mnene, mwenye manyoya meusi na mikanda ya manjano, anaruka chini chini kwenye mteremko, kushoto, kulia, anaingia kwenye tundu, anatoka. Huyo ni malkia. Nyuki vibarua wote wa mwaka jana walikufa. Yeye alilala ardhini peke yake miezi yote ya baridi na sasa anatafuta nyumba. Tundu la zamani la panya ndilo analolitaka. Amekagua matatu nikimtazama, hakupenda hata moja. Nilisimama na mkasi mkononi hadi mzee akakohoa.

Saa 9 alasiri

Nyumba ya vioo. Viazi vya mapema vimepangwa kwenye trei za mayai, macho juu, vimechipua vidole vifupi vya zambarau. Nimetoa nje trei mbili za miche ya maharagwe mapana ipate kuzoea hewa.

Saa 10:30 jioni

Nakata njia ya mashambani hadi kituo cha basi. Hili bado linanishangaza: ni shamba la mtu, lakini njia ya miguu ni ya umma, imechorwa hata kwenye ramani. Unafungua geti, unalifunga nyuma yako, hakuna anayekuuliza ukoo wako.

Kwenye ua wa shamba kuna miti ya miiba iliyofunikwa maua meupe kabla haijatoa jani hata moja. Juu ya mwaloni ndege mdogo amerudi kutoka kusini na anarudia silabi mbili, chif, chaf, chif, chaf, kama mtoto aliyefundishwa herufi mbili tu. Mbayuwayu bado, hao ni wa Aprili.

Kisha kondoo, matumbo yameshuka, watazaa mwezi ujao. Ni wa aina ya Romney Marsh. Kidato cha kwanza, somo la Kilimo, tulikariri jina hilo pamoja na Merino, Corriedale na Hampshire Down, na nikapata alama zangu bila kujua kwamba Romney Marsh ni mahali. Ni pale, kusini mwa hapa, tambarare hadi baharini. Mmoja ameniangalia akitafuna. Nimemwambia, "Nakujua tangu shule."

Saa 12:10 jioni

Jua limezama nikiwa mlangoni, ufunguo mkononi. Saa yangu haina deni na mtu leo.

Saa 2 usiku

Ugali, sukuma wiki ya kununua, miguu kwenye beseni. Nafungua utabiri kwenye simu: usiku huu nyuzi 1, sakitu. Ndipo ninapokumbuka trei za maharagwe. Nampigia mzee, moyo unanidunda.

"Nilishaziingiza," anasema. "Lala."