Kuku wa shangazi

Kwa miaka minane nilijaribu kukaanga kuku kama wa shangazi, na kila mara nilikwama pale pale. Karaini alitoka na rangi nzuri ya asali, lakini akifika mezani ganda limeshalegea, linabanduka kama ngozi ya nyoka na kuacha nyama uchi. Wa shangazi hakuwa hivyo. Ukimng'ata, ganda lilipasuka hadi aliyekaa upande wa pili wa meza akasikia, na chengachenga zilizodondoka sahanini tulizigombea kuliko hata nyama yenyewe.

Likizo zote za utoto wangu zina harufu ya jiko lake. Tulikuwa tukijazana kwake, watoto wa kaka zake wote, na alitupenda kwa namna ambayo hakuna mtoto aliyeondoka pale akidhani mwenzake anapendwa zaidi. Ila kulikuwa na saa moja ambayo hakutaka kumwona mtu: akiwa kwenye karai. Ukiingia unauliza jambo, anainua mkono bila kugeuka. Ukiendelea, anakutoa nje. Nilikua nikiamini ule ulikuwa ukali wa mpishi anayeogopa watoto wasiungue.

Alipokuja kukaa kwangu wiki tatu, presha ya macho ilikuwa imeshamchukulia jicho la kulia, na la kushoto lilibaki na vivuli tu. Hakuwa amekaanga kitu kwa muda mrefu. Nikataka nimpikie kuku wake, na Jumamosi moja, yeye akiwa amejipumzisha chumbani, nikaanza.

Nilikuwa nimejiandaa. Kuku wa kilo moja na nusu nilimkata usiku wa Ijumaa, nikamlaza kwenye friji ndani ya nusu lita ya mtindi na vijiko vinne vya chai vya chumvi. Unga wa ngano vikombe vitatu, wanga wa mahindi nusu kikombe, pilipili manga, kitunguu saumu cha unga. Nilikuwa hata na kipimajoto, na mafuta niliyafikisha nyuzi 175 kabla sijatia kipande. Nikavitoa vipande vitano kwenye friji, nikavigaragaza kwenye unga, nikavitumbukiza vyote mara moja. Joto likaporomoka, nami nikaongeza moto. Dakika kumi baadaye paja lilikuwa limekoza kama kahawa, na nilipolichana, damu ikachuruzika kutoka kwenye mfupa.

Nilikuwa bado nimelishika kwa koleo niliposikia kiganja kikipapasa ukuta wa korido.

“Mafuta yako yanalalamika,” alisema.

Nikamwekea kigoda hatua mbili kutoka jikoni, akakaa.

“Kuku umemtoa wapi?”

“Kwenye friji, shangazi.”

“Saa ngapi?”

“Sasa hivi.”

“Na unga umempaka saa ngapi?”

“Sasa hivi pia.”

Akanyamaza kidogo. “Zima moto, mwanangu. Niletee unga wako.”

Akanawa, akazamisha vidole kwenye bakuli. Nikadhani atauonja, kumbe alitaka kujua ulivyo. Akaomba mtindi, ule ule uliomlaza kuku, akanyunyizia vijiko vitatu juu ya unga na kuanza kuusugua kwa ncha za vidole, taratibu, mpaka unga laini ukajaa vibonge vidogo vidogo, vingine kama punje ya mchele, vingine kama harage. Nikaviona na moyo ukanishtuka. Hizo ndizo chengachenga zetu! Miaka yote nilitafuta kiungo ambacho hakikuwepo. Wanaosema siri ya kuku wa kukaanga iko kwenye viungo, mimi siwaamini tena. Wake hakuwa na zaidi ya chumvi, pilipili manga na kitunguu saumu.

Vipande vilivyobaki alivichukua kimoja kimoja na kuvikandamiza kwenye unga kwa kiganja kizima, anageuza, anakandamiza tena. “Usimpake poda kama mtoto mchanga. Mbane.” Kisha akaniambia nivipange juu ya wavu wa waya na tusiviguse. Tukakaa nusu saa. Nilitazama unga ukibadilika mbele yangu, weupe wake ukififia, ukilowa kwa maji ya nyama na kushikana nayo kama gundi. Nikaelewa kwa nini mafuta yangu yaligeuka meusi haraka: unga mkavu ulikuwa ukibanduka, unazama na kuungua chini. Na ile nusu saa ilipunguza baridi ya friji, ambayo ilichangia kunibakizia ubichi kwenye mfupa.

Nikawasha moto. Akaniambia nitie vipande vitatu tu. Nikataka kumuuliza kuhusu joto, akainua mkono.

Ule mkono ule ule. Akainamisha kichwa, sikio limeelekea karaini, na uso wake ukatulia kama wa mtu anayesikiliza habari za mbali. Mwanzoni ilikuwa kelele tupu, kama mvua kubwa. “Anatoa maji,” alinong'ona. “Mwache.” Baada ya dakika chache, “Mgeuze.” Baadaye kidogo akasema mafuta yamepoa, niongeze moto kidogo, nikatazama kipimajoto, kilikuwa kimeshuka hadi 148. Kelele ikaendelea kupungua, ikawa manyunyu, kisha ikabaki mchakacho mwembamba ambao mimi peke yangu nisingeusikia.

“Sasa. Mtoe.”

Nikachoma kipimajoto karibu na mfupa wa paja. Nyuzi 77. Salama ni kuanzia 74.

Ile kelele ni maji ya kuku yanayogeuka mvuke na kutoka kwa nguvu. Yakipungua, sauti inashuka. Shangazi hakuwahi kumiliki kipimajoto wala saa ya jikoni.

“Kumbe ndiyo maana ulikuwa ukitutoa nje?”

“Mlikuwa wengi, mnapiga kelele. Nami nisimsikie kuku wangu?”

Nilikuwa nimelaza vipande kwenye karatasi na kushika kifuniko mkononi, kama nilivyofanya miaka yote. Alisikia mlio wa kifuniko. “Ukimfunika atatoka jasho, ganda lilowe. Mweke kwenye waya, apate hewa chini na juu.” Nikakirudisha kabatini.

Tulikula jioni. Nilimchagulia paja kubwa kuliko yote, lile lenye ganda lililokunjamana pembeni, nikamwekea mbele yake na kumwongoza mkono. Akaligusa kwa vidole, akalizungushia kidole gumba mpaka akafika kwenye mfupa, akatabasamu. Kisha akaisukuma sahani kuelekea kwangu.

“Hili lako. Mimi nipe shingo.”

Nikakumbuka kwamba utoto wangu wote sikuwahi kumwona akila paja. Nikampa shingo, nikakaa kimya, na nikalisikia ganda likipasuka.