Mchicha kwenye Chombo cha Maua

Jana nimetoka zamu ya usiku saa moja na nusu asubuhi, na badala ya kwenda kulala nikashuka basi vituo viwili kabla ya nyumbani nikaenda shambani. Macho yalikuwa yanawasha kama yametiwa pilipili. Lakini wiki nzima mvua ilikuwa haijanyesha, na miche yangu ya mchicha nilikuwa nimeitoa nje siku nne tu zilizopita. Mwenye miche michanga ni kama mwenye mtoto mchanga, usingizi wake ni wa kuiba.

Nikisema shamba msinione tajiri. Ni nusu kipande cha alotmenti hapa Leicester, Uingereza, ardhi ya manispaa inayokodishwa kwa wakazi wanaotaka kulima mboga zao. Sheria yake kuu ni ya mwaka 1908, na kipimo chake ni cha zamani zaidi ya hapo: kipande kamili ni rod 10, kama mita za mraba 250. Mimi nina nusu yake, na hiyo nusu niliisubiri kwenye orodha miaka mitatu. Kwetu Soni, Lushoto, eneo hilo ni uwanja wa kuanikia mahindi.

Kuna jambo hapa Juni ambalo sijawahi kulizoea. Jua linachomoza kabla ya saa kumi na moja alfajiri na linazama saa tatu na nusu. Usiku! Mwaka wangu wa kwanza nilimpigia mama simu nikamwambia mama, huku ni saa tatu usiku nami ndiyo kwanza naanua nguo, jua linawaka. Akanyamaza. Halafu akaniuliza kama nakula vizuri. Saa zetu za Kiswahili zinahesabiwa kwa jua, na jua la Usambara halina matata, mwaka mzima linakuja na kuondoka karibu wakati uleule. Lileteni Leicester mwone kama hesabu itatoka. Na mimi nikiwa huku natokwa na jasho kwenye matuta, Lushoto ndiyo kipupwe kimeingia, ukungu umelala juu ya migomba na mama ananiagiza sweta.

Basi nilipofika jana, wenzangu walikuwa wameshakusanyika kwenye tangi la maji, baraza letu. Majina yao siyaandiki, hawakuomba kuandikwa. Yupo mzee wa Kiingereza wa kipande cha jirani, ambaye kofia yake nadhani ilikuwepo kabla ya alotmenti. Yupo mama wa Kijamaika ninayemwita Dada ingawa amenizidi miaka ishirini, mwenyewe kakataa kuitwa mama. Na yupo Baba wa Jinja.

Huyu Baba wa Jinja inabidi nimweleze kidogo. Ni Mgujarati, mmoja wa wale waliofukuzwa Uganda na Idi Amin mwaka 1972. Mwaka huo Halmashauri ya Leicester ililipia tangazo katika gazeti la Uganda Argus kuwaambia Waasia wa kule wasije hapa, mji umejaa. Yeye anasema kabla ya tangazo lile hakujua kama duniani kuna mji unaoitwa Leicester. Siku ya kwanza alinisikia nikimgombeza njiwa kwa Kiswahili, akaacha jembe lake akaja mbio, mzee wa miaka sabini na kitu. Kiswahili chake hakijui ngeli, kila kitu kwake "iko". Jana alinipokea hivi: "Karibu mama. Maji iko kidogo, jua iko nyingi, koa iko nyingi zaidi." Taarifa kamili ya habari, na hajakosea hata moja.

Mzee wa Kiingereza yeye alikuwa bado na wasiwasi wa sakitu, ule umande unaoganda usiku. Hawa wana msemo wa kale kwamba usivue hata kitambaa kimoja mwilini mpaka Mei iishe, na kuna wanaobishana kama Mei hiyo ni mwezi au ni maua meupe ya mti wa miiba uliopo kwenye nyua zao, maana nayo yanaitwa hivyohivyo. Nilicheka sana mwanzoni. Kisha mwaka wa pili nikapanda maboga nje mapema Mei kwa sababu kulikuwa na siku tano za jua tamu. Usiku wa sita umande ukaganda. Asubuhi majani yalikuwa meusi na malegevu kama kisamvu kilichopitishwa moto. Tangu hapo nami sivui kitambaa.

Na joto nalo wanaliogopa, msidhani. Bado wanauzungumzia mwaka 2025, ambao majira yake ya machipuko yalikuwa na jua kuliko yote tangu waanze kuweka kumbukumbu za saa za jua mwaka 1910. Na ile Julai 19, 2022, nyuzi 40.3 kule Coningsby, jimbo la jirani hapa Lincolnshire. Siku hiyo nilikuwa zamu ya mchana kwenye nyumba ya wazee ninakofanya kazi, tunazunguka na vitambaa vibichi na vikombe vya maji, na wazee wananiuliza mimi kama ndivyo kulivyo kwetu. Nawaambia kwetu ni milimani, mita zaidi ya elfu moja juu ya bahari, tunaota moto. Hawaamini. Mwafrika wa baridi hawajamwona.

Hapo ndipo kichekesho changu kinapoanzia. Mimi nimekulia kwenye mboga za Kizungu. Lushoto ni kabeji, karoti, viazi mviringo, maroli yanashuka na kona za mlima kupeleka Tanga na Dar. Kabeji nimeipalilia mpaka nikaichukia. Sasa nimevuka bahari, nimefika kwa wenye kabeji yao, na ninachotaka ni mchicha, msusa, majani ya kunde, mnavu. Majirani zangu wanalima kile nilichokikimbia, na wanachotupa kwenye lundo la mboji ndicho ninachokitafuta.

Mchicha niliupata kwa Dada wa Jamaika. Mwaka wangu wa kwanza niliona kwenye tuta lake majani ninayoyafahamu kama uso wa shangazi yangu. Nikamwambia huu ni mchicha. Akasema hapana, hii ni kalalu. Tukabishana pale, kila mtu kashika jani lake, hadi akakata fungu akanipa nikapike. Jumapili nikamletea kibakuli, mchicha wa nazi na karanga kidogo. Alikula amesimama. Akasema mmeipika vibaya lakini endelea kuleta. Mbegu zangu zote zimetokana na zake, nazitia kwenye vikombe dirishani mwanzoni mwa Mei na kuzitoa nje Juni, kwa sababu mchicha ni mtu wa joto, ukiuwahisha unadumaa na kutoa maua ukiwa na urefu wa kidole.

Mwezi Agosti uliopita bibi mmoja wa kipande cha mwisho karibu na geti alinikaribisha kibandani kwake kunywa chai. Mezani ameweka chombo cha maua, na ndani yake mikia mirefu myekundu inaning'inia hadi kwenye kitambaa. Nikaitazama. Majani yale, mishipa ile. Nikamuuliza bibi, huu mchicha umeutoa wapi? Jina la Kiingereza la ua hilo ni la huzuni, kitu kama mapenzi yaliyolala yakivuja damu. Wanalipanda kwa uzuri wake tu. Nikamweleza kwamba ni ndugu wa damu wa mboga yetu na majani yake machanga yanaliwa. Alishika kikombe akafikiri, kisha akaniambia kwa upole kwamba angependelea kuendelea kuyatazama. Sawa. Lakini Juni hii anapopunguza miche, ile anayong'oa ananiwekea kwenye ndoo karibu na geti, wala hasemi neno.

Kwa huyohuyo nimeona mgagani. Au nilidhani. Miche midogo yenye majani ya vidole vitano, nikasugua jani, harufu ikanipiga puani ile yenyewe, nikarudi jikoni kwa bibi mzaa mama kufumba na kufumbua. Kumbe ni binamu yake kutoka Amerika ya Kusini, anayepandwa hapa kwa maua yake ya waridi na meupe. Huyo sikumwomba. Binamu si ndugu, na kwenye sufuria sibahatishi. Ndiyo sababu hata mnavu unaojiotea kwenye matuta yetu siuli, ingawa mkono unanicheza. Mzee wa Kiingereza akiuona anaung'oa kama anatoa nyoka, anasema sumu, sumu. Nimemweleza kwamba kwetu unauzwa sokoni kwa mafungu. Ananitazama kwa heshima ya ajabu, kama mtu aliyesimuliwa kwamba mwenzake anakula misumari.

Lakini nilimpata kwenye maharage. Sasa hivi anasimika miti ya maharage yake marefu, yale yanayopanda juu ya miti, yenye maua mekundu kama kanga mpya. Ni yeye mwenyewe aliyenisimulia kwamba yalipoletwa Uingereza karne ya 17 watu waliyapanda kwa ajili ya maua, kula maganda yake kulikuja baadaye. Nikamwambia, kwa hiyo hata ninyi mzee mlikaa mkitazama chakula kinaning'inia. Alicheka mpaka akaishika kofia.

Na ana deni kwangu kila Juni. Yale maharage yao mapana yanayopandwa tangu baridi haijaisha, wakati huu yanavamiwa na vidukari weusi kwenye vilele, na dawa yake ni kuvikata vilele kabla hawajajaa. Yeye alikuwa anatupa. Sasa vilele safi ni vyangu, navichemsha kidogo, kitunguu, nyanya, tui. Vinakaribia majani ya kunde kuliko kitu chochote nilichokionja huku. Majani ya maboga, ndiyo msusa, pia yanakuja kwangu, ila hayo nasubiri hadi Julai. Kumenya zile nyuzi za msusa nimemfundisha mjukuu wake, mtoto wa miaka minane, ana vidole vyepesi kuliko vyangu.

Koa sasa. Sijui niwaandike nini kuhusu koa. Hapa ni hawa wasio na nyumba mgongoni, wanene, weusi au wa chungwa, na usiku mmoja wa mvua wanamaliza tuta. Vile vidonge vya sumu ya metaldehidi vimepigwa marufuku tangu 2022, na sawa tu, vilikuwa vinaua kalunguyeye na ndege. Mwaka huohuo jumuiya yao kubwa ya watunza bustani, RHS, ikatangaza kwamba haitawaita tena koa wadudu waharibifu. Baba wa Jinja aliposikia alisema, "Basi yeye alete yake kwake." Dawa ya wazee hapa ni kopo la bia lililofukiwa ardhini, koa anafuata harufu anatumbukia. Mimi si mnywaji. Nikaenda dukani na mtandio wangu nikaweka kaunta makopo manne ya bia ya bei ya chini kabisa, saa mbili asubuhi, nimetoka zamu, macho mekundu. Kijana wa kaunta hakusema kitu. Nami ningemwambia nini, kwamba ni ya konokono?

Maua sipandi. Sina nafasi. Lakini ya kwetu yananifuata. Kazini kuna bibi ninayemwogesha, dirishani kwake ana kijungu cha majani yenye manyoya laini na maua ya zambarau. Waingereza wanakiita urujuani wa Afrika. Siku moja nikasoma kwamba asili yake ni misitu ya Tanga na Usambara, kwenye miamba yenye kivuli. Ofisa mmoja Mjerumani, Saint Paul, alikiona mwaka 1892 akampelekea baba yake Ujerumani, na mwaka uliofuata kikapewa jina la familia yao. Nimekulia milima hiyohiyo nisikione hata mara moja, nimekuja kukiona juu ya radieta. Nilipomwambia yule bibi kwamba mimi na ua lake tumetoka mlima mmoja, alinishika mkono akauliza kama nalo huwa linapata baridi. Nikamwambia ndiyo, na halipendi kumwagiwa maji kichwani. Akasema naye hapendi.

Jana basi nilimwagilia, nikachuma vilele vyangu, Baba wa Jinja akanipa fungu la uwatu na kotimiri, nikamwahidi mchicha utakapokuwa tayari. Yeye alikuwa ametoa nje miche yake ya mumunye, kwake dudhi. Nikalala saa nne asubuhi hadi saa kumi.

Nilipoamka nikafungua simu kuangalia utabiri: usiku nyuzi 4. Juni! Nikachukua kanga mbili kuukuu, nikarudi shambani saa tatu usiku, bado kweupe, ndege wanalia kama asubuhi. Geti lilikuwa limefungwa, hakuna mtu. Mumunye za Baba wa Jinja zilikuwa zimefunikwa kwa sari ya kijani yenye ukingo wa dhahabu, imekatwa katikati kwa mkasi. Nusu yake nyingine ilikuwa juu ya mchicha wangu, pembe zote nne zimewekewa matofali.

Kanga zangu nikazifunika kwenye kalalu ya Dada.