Kibaki Mbele, Moi Nyuma

Wiki jana yule mpwa wangu alikuja na klampu ya mkanda, mpya, bado iko kwa plastiki. Mkanda wa nailoni rangi ya machungwa, racheti ndogo ya kukazia, na zile kona nne za plastiki za kuwekwa kwa pembe za fremu ya picha ukiibana gundi ikauke. Akaitupa kwa meza akaniuliza, "Anko, hii si ni ile ya kufungia mizigo kwa keria ya matatu?" Nikamwambia hajakosea sana. Halafu nikashika ule mkanda nikauvuta kidogo tu kuskia unavyokaa mkononi, na mteja wa picha ya graduation ananipigia simu sishiki, kwa sababu tayari nilikuwa Gikomba, lile soko la Nairobi, upande wa mbao, mwanzo wa 2003, na Mzee, fundi aliyekuwa na benchi, ananiambia, "Shika hapo. Usiachilie hata ukiskia chafya."

Sisi hatukuwa na racheti. Mzee alikuwa na klampu mbili za chuma, ndefu, nzito, na hizo zilikuwa za meza na vitanda, ukizigusa kwa kazi ya fremu mnakosana. Fremu zilifungwa na tyubu za baiskeli. Unaenda kwa fundi wa zile baiskeli za Black Mamba, unanunua zile zimepasuka haziwezi kuzibwa tena, unazipasua urefu na makasi unapata mkanda wa mpira, unapangusa ile poda nyeupe ya ndani, basi. Zikiisha tulitumia kamba ya katani na kijiti, unazungusha kamba, unaingiza kijiti katikati unakisokota mpaka kamba ilie. Lakini mpira ndio Mzee aliupenda.

Na kazi ilikuwepo, jameni. Kibaki alikuwa ameapishwa tarehe 30 Desemba pale Uhuru Park akiwa kwa wheelchair baada ya ile ajali ya gari, Moi ameenda baada ya miaka 24, masomo ya msingi yamekuwa bure na shule zimefurika watoto, mji mzima uko na furaha ya ajabu ambayo vijana wa siku hizi ukiwaambia wanadhani unawadanganya. Na kila ofisi, kila duka, kila kinyozi anataka rais mpya ukutani. Wengi walikuja na fremu yao ya zamani, toa huyu weka huyu, dakika kumi, lete pesa. Hao hata siwakumbuki.

Ninayemkumbuka ni mwenye hoteli wa karibu na Machakos Airport, ile stendi ya mabasi. Alikuja asubuhi na Moi chini ya kwapa na Kibaki amekunjwa ndani ya gazeti. Fremu yake ilikuwa nzuri kushinda zote tulizokuwa tumeona mwezi huo, mahogani ya kitambo, pana, imekolea moshi wa jiko mpaka inang'aa. Shida ilikuwa kona. Moja ilikuwa imelegea kabisa na zingine tatu ziko njiani.

"Pigilia msumari mbili hapo niende," akasema. "Watu wa lunch wanakuja."

Mzee hakumjibu. Alichukua fremu akaiinua juu, akaangalia mwanga ukipita kwa kona. Akanionyesha: kwa nje mbao bado zimegusana, ufa uko kwa ndani, karibu na picha. Akasema hiyo ni mbao imekauka ikapungua upana, kama ingekuwa imevimba ufa ungekuwa kwa nje. Mpaka leo nikiona fremu kwa nyumba ya mtu naangalia hiyo kitu kwanza kabla hata sijaangalia nani yuko kwa picha, na wenye nyumba wanadhani nahesabu vumbi.

"Msumari," akamwambia yule bwana, "unashika kona vile imekaa. Kama imekaa vibaya utakuwa na kona mbaya na msumari."

Basi tukaifungua yote. Misumari ya kutu tukaing'oa, gundi ya zamani tukaikwangua na patasi, Mzee akapitisha randa kwa zile ncha, kidogo sana, vumbi tu. Akapaka gundi mara ya kwanza akaiacha, kwa sababu ncha ya mbao inakunywa gundi, ukipaka mara moja ukafunga hapo hapo kona inabaki kavu ndani na wewe unadhani umemaliza. Akapaka tena. Akaweka vile vipande vyetu vya mbao vilivyochongwa pembe, na karatasi ya gazeti katikati zisigandane na fremu. Ndio hizo hizo kona za plastiki za mpwa wangu, sema zetu zilikuwa bure.

Halafu tyubu.

Mimi kazi yangu ilikuwa kushika kona mbili za upande wangu zisihame. Mzee akaanza kuzungusha. Duru la kwanza legelege, unaweza hata kuingiza kidole. La pili akavuta. La tatu akavuta mpaka mpira mweusi ukaanza kupauka, na nikaskia kwa viganja vyangu fremu inajikusanya. Hiyo ndiyo siwezi kueleza mtu ambaye hajaishika. Klampu ya chuma inasukuma upande mmoja na upande wa pili, kama ni fremu unahitaji kadhaa na zinapigana. Mkanda unazunguka, kwa hivyo kona zote nne zinaitwa ndani kwa wakati mmoja, na kama kuna moja imekaa nje ya mstari unaiskia inateleza kurudi mahali pake. Mbao ilihama chini ya vidole vyangu, milimita hivi, polepole, na hakuna mtu aliyekuwa ameisukuma. Halafu gundi ikatokea. Vitone vidogo vyeupe, vimepangana mstari mzima wa kona, juu mpaka chini, kona hii, ile, ile, zote.

Mzee akasimama hapo hapo.

"Kaza!" yule bwana akasema. Sasa alikuwa ameinama kwa meza na sisi, hoteli amesahau. "Mbona unaogopa? Kaza kabisa!"

"Nikikaza zaidi nakamua gundi yote inatoka, na hizi pande zinapinda katikati. Unataka fremu ama unataka ndizi?"

Akachomeka ncha ya mpira chini ya duru la mwisho, akapangusa gundi na kitambaa kibichi. Kisha akachukua uzi. Kutoka kona mpaka kona ya mkabala, akaufinya na ukucha, akauhamisha kwa zile kona zingine mbili. Haukulingana. Tofauti ilikuwa unene wa njiti ya kiberiti, mimi ningeiacha tu, nani atapima fremu ya hoteli? Lakini Mzee akaisimamisha ile fremu kwa ile pembe ndefu, kona moja kwa meza, ya juu akaiegemea na tumbo lake lote huku amefunga macho, tukaskia kitu kidogo kinasogea ndani. Akapima tena na uzi. Sawa sawa.

Nilikuja kuelewa baadaye kwa nini hakuwa na wasiwasi. Zile ncha alizipitisha randa mwenyewe, alijua zimekaa digrii 45. Hesabu yake ni rahisi na haina huruma: fremu iko na mikato minane, miwili kila kona, kila mkato ukikosea nusu digrii upande ule ule, unafunga kona tatu vizuri na ya nne inakuachia uwazi wa digrii nne. Mkanda utaufunga, ndio. Mkanda hauna maswali. Utavuta na gundi itashika na mteja atalipa na miezi miwili baadaye kona inafunguka usiku, peke yake. Nimeona watu wananunua klampu ya bei wakifikiri inarekebisha msumeno. Sijui, labda mpwa wangu atakuwa tofauti.

Sasa kulikuwa na kungoja. Ilikuwa Januari, jua kali, tukamwambia atuachie saa moja angalau kabla hatujafungua, na asipige ukuta msumari mpaka kesho yake. Akakaa kwa gogo akaagiza chai ya watu wote, ikawa ni mambo ya siasa, Moi hivi, Moi vile, huyo mwaka fulani, yale ya maziwa ya shule ambayo hata yeye alikubali yalikuwa matamu. Lakini ilipofika wakati wa kuweka picha Mzee akamuuliza, "Na huyu?"

"Huyo tupa."

Kadibodi ya nyuma ilikuwa imeliwa na mende, nusu haiko. Mzee akamchukua Moi, akampangusa vumbi na mkono wa shati, akampima kwa fremu. Akaweka kioo, Kibaki, halafu Moi akamgeuza aangalie nyuma, mgongo kwa mgongo na mwenzake, akafunga na pini na gundi ya karatasi. Yule bwana hakuona, ama aliona akanyamaza. Alipoenda nikamuuliza Mzee kama hiyo ni heshima ama ni ubahili.

"Kadibodi imepanda," akasema.

Nimejaribu kupata funzo hapo na silipati vizuri. Kuna siku nadhani ilikuwa ni heshima kweli, kwa sababu Mzee hakuwa anapenda kutupa mtu. Kuna siku nakumbuka vile alikuwa ananyoosha misumari iliyopinda ili itumike tena.

2013 Uhuru alipoapishwa pale Kasarani, Mzee alikuwa ashaenda ushago na benchi imekuwa yangu. Yule bwana akaja, nywele zimeisha, fremu ile ile chini ya kwapa. Kitu cha kwanza niliangalia kona: zimefunga, hata kucha haiingii. Nikamfungulia nyuma, Moi akatuangalia, amepata madoa ya kahawia lakini yuko. Bwana hakushtuka. Nikaweka kioo, Uhuru, Kibaki, Moi, na hapo gruvu, ule mfereji wa nyuma wa kukalia picha, ikajaa, pini hazina pa kushika. Nikamwambia boss, haitoshi, lazima mmoja atoke.

Akasimama akiwaangalia wote watatu kwa meza.

"Toa kioo," akasema. "Na upunguze bei, si unabaki nacho."