Nitwike: siku yangu moja kando ya Ziwa Kivu

Saa kumi na moja alfajiri naanza kushuka Kituku, ufuo wa ziwa hapa Goma, mashariki mwa Kongo. Giza bado nene, na mawe ya lava yanakula kandambili. Hizi ni za tatu mwaka huu. Nimebeba jile, yaani kizibao cha kazi, glavu, daftari na bidoni yangu tupu ya jioni, dumu la kuchotea maji.

Kazi yangu ni kutia klori, dawa ya kusafisha maji, katika bidoni za watu wanaochota maji ziwani. Anayenipita mbio hudhani nauza kitu. Wengine wanaamini nimelipwa ili niwatilie sumu, na wapo wanawake walionong'onezana mbele yangu kwamba dawa hii inakausha uzazi. Nina watoto wanne, na wote wanakunywa maji haya.

Mgeni huuliza kwa nini mji wenye ziwa kubwa hivi hauna maji. Goma imekaa juu ya lava. Mvua inanyesha, inazama kati ya mawe. Mto hatuna, na kuchimba kisima ni kupasua mwamba. Maji ya bomba yanasukumwa kwa umeme kutoka ziwa hilihili, na kitu kikiharibika njiani tunakauka. Mei 2021 volkano ilikata mabomba. Januari 2025, siku za vita, umeme ulikatika na mji mzima ukashuka ziwani na bidoni. Nami nilikuwa kwenye foleni ile, mwanangu mdogo kifuani, na mwanamke nisiyemjua akanitwika bidoni mgongoni bila kuniuliza jina. Sijamwona tena.

Saa kumi na moja na nusu nachanganya dawa: kijiko kikubwa kimoja cha unga wa klori kwa lita moja ya maji. Chupa naiweka kivulini, maana jua linaiua nguvu. Halafu napima: natia mililita nne kwa bomba la sindano kwenye bidoni ya lita ishirini, nangoja nusu saa, nadondosha kidonge cha kupimia ndani ya maji hayo kidogo. Yakigeuka waridi, dawa inatosha.

Saa kumi na mbili hadi saa mbili sina cha kusimulia. Bidoni, sindano, mstari daftarini, "ngoja nusu saa kabla ya kunywa", bidoni nyingine. Mistari 140.

Kuna jambo moja ambalo halimo katika kazi niliyoajiriwa. Mtu akishatiwa dawa, lazima apate wa kumtwika. Lita ishirini ni kilo ishirini, na mkanda unakaa kwenye paji la uso. Ukijiinua peke yako kiuno kinalia. Basi naweka sindano chini, nashika kitako cha bidoni, nahesabu "moja, mbili", mama anasimama. Msimamizi alishaniambia inachelewesha foleni. Ni kweli, inachelewesha.

Saa mbili na nusu akaja papa mmoja, ndivyo tunavyomwita baba mtu mzima, na chukudu yake, kigari cha mbao cha magurudumu mawili, bidoni kumi na nne zimefungwa kwa mipira ya tairi. Anauza maji huko juu, mtaa wa Ndosho. Alikwisha kuzijaza na alitaka kupita.

"Papa, fungua nitie dawa. Ni bure."

"Hapana, mama. Batu njo nauzishiaka maji banasema inanuka. Wewe unanifukuzia makuta."

Yaani wanunuzi wake wanalalamikia harufu, nami namkosesha pesa. Nikamweleza kwamba harufu inapungua bidoni ikiachwa wazi kidogo. Akasema mimi nakula dola za wazungu mgongoni kwa maskini. Nikamkumbusha kolera ya 1994, maelfu waliokufa hapahapa kandokando ya mji, mama yangu akiwafunika nyuso kwa vitenge. Akasema yeye alikuwepo, nisimfundishe. Foleni ikaanza kuguna, kina mama wakagawanyika, mtoto akalia, na yule papa akapandisha sauti mpaka wavuvi waliokuwa wanashusha sambaza, samaki wadogo wa ziwa hili, wakageuka. Aliniita mchawi. Mbele ya watoto. Nilitetemeka mikono, nikamwaga dawa kwenye glavu, na sikuwa na neno. Ruhusa ya kumlazimisha mtu sina.

Akasukuma chukudu yake kupanda mlima. Hatua thelathini hivi, mpira ukakatika. Bidoni zikaviringika juu ya mawe, nyingine zikafunguka vifuniko.

Nasema ukweli: sekunde ya kwanza nilifurahi. Ya pili nikaona magoti yake. Mwanaume wa umri wa baba yangu, amepiga magoti kwenye lava, anazuia bidoni kwa kifua. Nikafunga chupa yangu, nikaenda, na vijana watatu wa foleni wakanifuata. Tulizikusanya zote. Tatu zilikuwa zimemwagika. Kijana mmoja akakimbia nazo ziwani. Tulifunga upya, mimi nikishikilia mpira na yeye akivuta fundo, vichwa vyetu karibu kugongana, na hakuna aliyesema kitu.

Zile tatu zilipojaa, alizileta mwenyewe mbele yangu. Akafungua vifuniko.

"Hizi tatu tu," akasema.

Nikatia. Kumi na moja zilipanda Ndosho bila dawa, na mpaka leo naziwaza. Lakini ile aibu ya kuitwa mchawi iliniondoka palepale, kana kwamba nami nimetuliwa mzigo.

Mdogo wangu anasoma saikolojia, na nilipomsimulia hakushangaa. Akaniambia kwamba mwaka 2008 watafiti kule Kanada walichapisha jaribio lao: watu walipewa asubuhi dola 5 au 20, wengine wakaambiwa wajinunulie kitu wenyewe, wengine wazitumie kwa ajili ya mtu mwingine. Jioni waliotoa ndio waliokuwa na furaha zaidi, na kiasi cha pesa hakikubadilisha kitu. Baadaye wakatazama Uganda pia, hapo jirani, wakaona vilevile. Nilimwuliza kama walipima watu ambao mshahara wao umechelewa miezi miwili. Akacheka. Mimi nilikuwa nauliza kweli, maana ndiyo hali yangu, na hata hivyo furaha ile naijua.

Mchana sikumbuki saa. Jua linarudi kutoka majini na kupiga macho, klori inapasua vidole ndani ya glavu, mgongo unakuwa mbao. Nilikula viazi vitamu viwili nimesimama. Mahali fulani kati ya bidoni ya mia tatu na ya mia nne akaja mzee wetu tunayemwita Koko, kama tunavyowaita bibi wote. Yeye hubeba kibidoni cha lita tano. Alinishika mkono, akautazama, akaondoka. Aliporudi alikuwa na mawese kidogo ndani ya jani la mgomba. Akanipaka mwenyewe, kidole kwa kidole, foleni ikingoja. Hakuna aliyeguna.

Jua likazama. Nilifunga daftari kwenye mistari 412, nikachota bidoni yangu, nikaitia mililita nne, nikavaa mkanda. Ufuo ulikuwa karibu mtupu. Nikageuka kutafuta mtu, nikamwona kijana anaosha miguu, simjui.

"Kaka, nitwike."

Akaja, ameshakunja mikono ya shati.