Mwezi Liemba Ilipoleta Wageni

Mei 2015 nilikuwa nakaa na mama yangu Gungu, mjini Kigoma, na stashahada yangu ya uhasibu imelala kwenye bahasha ya kaki tangu nilipomaliza chuo. Barua za maombi ya kazi nilituma mpaka posta wakanizoea. Siku ambazo sikuwa na pa kutuma nilishuka na mama ufukweni Kibirizi alfajiri, mitumbwi inaporudi na dagaa. Tunanunua kwa ndoo, tunaanika, tunageuza, tunafukuza kunguru. Dagaa ndio walionisomesha, nawaheshimu mpaka leo. Lakini mama hakulipa ada ili nirudi kuanika naye, na mimi sikusoma kwa ajili hiyo.

Basi tulifunga na kuomba. Akina mama wa kanisani kwetu walinitaja kwa jina kwenye maombi yao ya kila wiki. Jibu likaja kwa simu: usaili, Dar es Salaam, nafasi ya mhasibu msaidizi. Mama alipiga vigelegele pale pale ufukweni. Akauza magunia aliyokuwa anayashikilia angoje bei ipande, akanikatia tiketi ya treni. Niliichomeka ndani ya Biblia.

Wakati huo huo Burundi ilikuwa imechafuka. Aprili Rais Pierre Nkurunziza alitangazwa kuwa atagombea muhula wa tatu, watu wakaingia barabarani Bujumbura, na familia zikaanza kukimbia. Wengi waliangukia Kagunga, kijiji cha wavuvi kilichopo mpakani, kimebanwa kati ya milima na Ziwa Tanganyika. Gari lilikuwa halifiki huko. Ni ziwa, au ni kupanda mlima kwa miguu. Kijiji kile kidogo kikajikuta na makumi ya maelfu ya watu wanaolala mchangani, wanakunywa maji ya ziwa na kujisaidia popote. Kipindupindu hakikuchelewa. Watu zaidi ya 30 walikufa, wengi wao wageni, wachache wenyeji.

Iliyowatoa ni meli ya MV Liemba. Kila mtoto wa Kigoma anaijua historia yake: Wajerumani waliishusha majini hapa hapa mwaka 1915, wakaizamisha kwa mikono yao 1916 isije ikaangukia kwa adui, Waingereza wakaiopoa. Kagunga hakuna gati la kuipokea, kwa hiyo watu walisogezwa kwa boti ndogo mpaka ubavuni mwa meli, kama 600 kwa safari moja. Wakifika mjini walipelekwa Uwanja wa Lake Tanganyika, wakatibiwa, wakaandikishwa, kisha mabasi yakawachukua kwenda kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu.

Jumapili ile mchungaji alitoa tangazo baada ya sadaka. Alisema wahudumu wametoka kila mahali, wengine nje ya nchi, lakini hawasikilizani na wagonjwa, maana wageni wengi hawajui Kiswahili. Wanatafutwa Waha. Kiha na Kirundi ni ndugu wa tumbo moja. Mha na Mrundi wakikaa kwenye benchi moja wanaelewana bila mtu wa kati. Ila vijana wengi wa mjini Kiha chao kinaishia kwenye salamu. Mimi nililelewa na bibi kijijini Heru Juu mpaka darasa la nne, na bibi hakuwa na lugha nyingine ya kunigombeza.

Treni yangu ilikuwa ya wiki hiyo. Nikajiambia nitasaidia siku zilizobaki, nisafiri na dhamiri safi.

Mlangoni pa eneo la wagonjwa unakanyaga kwenye beseni la dawa, unanawa kwa maji ya klorini mpaka vidole vinawasha, ndipo unaingia. Nilipangiwa hema la watoto. Muuguzi aliyenipokea, dada mmoja wa Mwanza, alinifundisha kwa dakika chache: pakiti moja ya ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini, kwa lita moja ya maji safi, mtoto anayetapika apewe kijiko kimoja kila baada ya dakika moja au mbili, akitapika subiri dakika kumi, anza tena polepole zaidi. Kazi yangu ilikuwa kuyafikisha hayo kwa mama zao. Wanawake waliochoka kupita kiasi, wanaoona mtoto anatapika kila anachopewa, na wewe unawaambia waendelee kumpa. Mama mmoja aliweka kikombe chini akageuza uso. Nilimweleza tena. Akaniuliza kama mimi nina mtoto. Nikamwambia sina. Basi nilichukua kijiko mwenyewe, nikaanza kuhesabu dakika kwa sauti, kwa Kiha, na baada ya muda mrefu alikinyakua kijiko mkononi mwangu akaendelea yeye.

Kukalimani ni kazi ambayo sikuwahi kuifikiria kabla ya siku zile. Mtu akisema "nilimwacha mume wangu njiani", nawe unasema vile vile, "nilimwacha mume wangu njiani", kwa mdomo wako. Huna ruhusa ya kupunguza makali wala kuongeza faraja. Muuguzi akisema neno gumu, unalibeba gumu hivyo hivyo mpaka kwa mwenyewe. Yule mama akikutukana, unajua anamtukana nani, na hujibu. Ukianza kutia maneno yako, mgonjwa anaumia. Nilitoka jioni nikihisi kwamba siku nzima sikuwa nimesema hata jambo moja la kwangu, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi sikuwa nimeiwaza kazi ya Dar es Salaam.

Nakumbuka pia bibi mmoja aliyekuwa na fundo la kitenge kiunoni, halifungui hata akilala. Ndani mlikuwa na maharage ya mbegu. Alitaka nimuulize mhudumu kama huko wanakopelekwa kuna pa kupanda. Nikauliza. Jibu lilikuwa kwamba kambini watagawiwa chakula, mashamba hakuna. Nikalifikisha. Akafunga fundo lake upya, akakaza zaidi.

Siku ya tatu au ya nne msimamizi wa zamu aliniita pembeni. Meli ilikuwa bado inaleta watu, na wakalimani wa usiku walikuwa wamepungua, mmoja ameugua, wengine wamerudi kazini. Aliniuliza kama naweza kushika zamu za usiku mpaka msongamano upungue. Hakunibembeleza. Alisema tu, "Dada, nijibu kesho asubuhi." Kesho jioni ndiyo ilikuwa treni.

Nilimwambia mama usiku huo tukiwa jikoni. Alinyamaza, akapekua moto ambao haukuhitaji kupekuliwa.

"Mwanangu," akasema, "hiyo kazi tuliiomba kwa Mungu. Mungu akikupa kitu, unamrudishia?"

Sikuwa na jibu. Hoja yake ilikuwa nzito, na alikuwa na haki ya kuisema: magunia yalikuwa yake, magoti yaliyoumia kwa kuomba yalikuwa yake. Ndio ugumu ambao sijausikia ukihubiriwa mara nyingi. Tumezoea kufundishwa kukataa dhambi kwa ajili ya Mungu. Kazi haikuwa dhambi. Ilikuwa kitu chema, kimeombewa, kimepakwa mafuta na kanisa zima. Kitu cha namna hiyo ukikishika mkononi unasahau kuuliza kama mwenyewe amekuruhusu kukifunga ngumi.

Nilipiga simu ile ofisi asubuhi na mapema kuomba siku nyingine. Nilijibiwa kwa heshima kwamba tarehe ni moja kwa wote.

Niliomba ishara. Nasema hivi kwa sababu wako wanaosimulia kwamba waliona ndoto au walisikia sauti, na siwapingi, lakini mimi sikupewa. Nilifungua Biblia penye tiketi, Luka 22. Pale Gethsemane tuna mazoea ya kukimbilia mwisho wa sentensi, "walakini si mapenzi yangu, bali yako yatendeke", kama kwamba Bwana alifika hapo kwa hatua moja. Kabla yake yako maneno "uniondolee kikombe hiki", na aliyasema akiyataka kweli. Mathayo anaandika kwamba alirudia sala ile mara tatu. Nilipata nguvu hapo: kumbe kutamani si kosa, na kumwambia Baba unachotamani si kosa. Nikamwambia. Nataka kwenda Dar es Salaam, nataka mama apumzike kushuka Kibirizi gizani, nataka kuitwa mhasibu.

Halafu nikaona jambo ambalo lilikuwa wazi muda wote. Kuhusu kazi, nilikuwa namwomba Mungu anifunulie mapenzi yake. Kuhusu mgeni mwenye kiu, alikwisha kusema, na limeandikwa Mathayo 25, na mchungaji alilisoma kwa sauti Jumapili. Nilikuwa nasubiri neno lililofichika huku lililowekwa mezani nikilipita.

Nilikwenda kumwambia mama nikiwa nimejiandaa kwa machozi yake. Nikamkuta amekaa kizingitini. Alisema hakulala. Akanisimulia mwaka 1972, alipokuwa msichana mdogo Heru Juu, Warundi walipokimbia mauaji wakavuka mpaka, kabla ya wengi wao kupelekwa kwenye makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Bibi yangu aliwapa familia moja nyumba ya jiko, yeye na watoto wake wakapikia nje msimu mzima. Mama alikasirika kwa sababu mvua ilikuwa inazima moto, na yeye ndiye aliyekuwa anatumwa kuni. Alimuuliza bibi mpaka lini. Bibi alimjibu kwamba swali hilo amuulize aliyewaleta.

"Nimemuuliza usiku kucha," mama akasema. Kisha akanyoosha mkono. "Lete hiyo tiketi. Nitatafuta mtu wa kumuuzia, hela isipotee yote."

Hakusema kwamba ninafanya vizuri. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyefiwa, na kwa wiki kadhaa ulibaki hivyo. Nilichofanya hakikuniuma mimi peke yangu, na sidhani kama ni halali kusimulia habari ya kujikana bila kuwataja wale ambao kujikana kwako kunawatoza gharama ambayo hawakuichagua. Mama aliichagua mwisho, lakini aliichagua akiwa amebanwa.

Zamu za usiku zilikuwa ndefu. Taa za jenereta, watoto wanalia kwa kupokezana, honi ya Liemba inasikika kutoka bandarini, na sisi tunajua kwamba baada ya muda kidogo watu wengine watakuwa mlangoni. Watoto wengi walipona. Wawili ninaowakumbuka hawakupona, na mmoja wao mama yake ni mimi niliyemwambia, kwa maneno ya daktari, kwa mdomo wangu.

Kazi ya Dar es Salaam ilipata mtu mwingine. Haikuja nyingine kubwa kuliko hiyo kuziba pengo. Baadaye nilipata kuandika hesabu za duka la vifaa vya ujenzi hapa hapa Kigoma, mshahara wa kawaida, na mama aliendelea kushuka Kibirizi kwa miaka. Nayasema haya waziwazi kwa sababu shuhuda zetu zina desturi: mtu alitoa, Mungu akamrudishia maradufu, kanisa likapiga makofi. Mungu hurudisha, nimeona akirudisha kwa wengine na nimefurahi nao. Lakini kama nilimpa nikiwa nahesabu atakachonirudishia, basi mapenzi niliyoyatanguliza yalikuwa yangu, yamezungushwa kwa nyuma. Bwana alipoinuka Gethsemane hakukuta kikombe kimeondolewa. Alikuta mienge na watu wenye panga.

Jumapili moja katikati ya siku hizo mchungaji aliita shuhuda. Nikasimama na macho mekundu ya usingizi, nikasema Bwana asifiwe, nikaeleza nilichoeleza hapa kwa ufupi. Nilipofika kwenye treni iliyoondoka bila mimi nikanyamaza, kwa kuwa ndipo habari ilipokuwa imefikia. Watu walisubiri. Niliona wengine wameshaweka mikono tayari kwa makofi. Nikasema, "Nimeishia hapo," nikakaa. Mwimbishaji akaanzisha pambio.

Nje, mzee mmoja wa kanisa alinifuata chini ya mwembe. Nikamwamkia.

"Marahaba. Na ile kazi, mwanangu?"

"Amechukua mtu mwingine, mzee."

"Ikitokea nyingine utaomba?"

"Nitaomba."

Alitikisa kichwa taratibu, akatazama upande waliposimama akina mama. "Mke wangu ni wa Manyovu. Kiha chake kinakupita wewe. Leo unaingia saa ngapi?"

Nikamwambia saa kumi na mbili jioni, na huyo mama avae kandambili za plastiki, kwa sababu mlangoni tunakanyaga dawa na viatu vya ngozi vitaharibika.