Nilivyokagua kuvuja kwa injini ya IST kabla ya kutoa hela

Nilipokuwa natafuta Toyota IST ya mtumba, karibu kila mtu alinipa ushauri uleule: fungua boneti, ukikuta injini safi, lipa. Ushauri huo unamsaidia muuzaji tu. Anajua mnunuzi anatazama usafi, kwa hiyo kabla gari halijaonyeshwa kwa mtu injini inapigwa maji ya presha na sabuni, au inasuguliwa kwa brashi na dizeli, kisha mipira na plastiki zinapakwa silikoni ya kung'arisha. Oili iliyojikusanya mwaka mzima inaondoka ndani ya nusu saa, lakini sili, ule mpira unaozuia oili isitoke, inabaki inavuja vilevile. Mimi naifurahia zaidi injini yenye vumbi kavu. Oili ikitoka mahali, vumbi linang'ang'ania pale na kugeuka tope jeusi, na unaona njia nzima iliyopita kuanzia juu mpaka chini.

Ushauri mwingine ni wa boksi. Wanakwambia tandika boksi chini ya gari, subiri, likibaki kavu basi hakuna kinachovuja. Nimeujaribu na hautoshi, kwa sababu mbili. Gari lililolala yadi lina injini ya baridi: oili ni nzito, haina presha, na sili nyingi zilizochoka hazitoi kitu mpaka injini ishike moto. Halafu chini ya injini ya IST kuna kava za plastiki. Oili inadondokea humo kwanza, inasambaa, inanywewa na vumbi, na boksi linabaki jeupe. Kuna gari ambalo boksi lake lilikuwa kavu kabisa, lakini nilipopenyeza tochi juu ya kava nikakuta oili imetuama humo, na mchanga umeshikana nayo. Kwa hiyo kava inachunguliwa kwanza, ikibidi unatoa vibanio vyake viwili vitatu na kuishusha kidogo. Boksi lina kazi yake, lakini ni baada ya mwendo, injini ikiwa ya moto.

Gari nililonunua ni IST namba D, yaani herufi za namba yake ya usajili zinaanza na D, yenye injini ya 1NZ-FE, ile ya 1500. Bei ilikuwa milioni kumi na kitu. Nilimwambia dalali mapema, "Kaka, nisikute gari limewashwa." Akaniambia halina shida hata nikilipeleka Mwanza leo. Nikamwambia sawa, lakini nilikute la baridi. Sharti hilo silipunguzi kwa mtu yeyote, kwa sababu kuna vitu vitatu unavyoviona kwenye injini ya baridi tu.

Cha kwanza ni maji ya rejeta. Mfuniko unafunguliwa injini ikiwa baridi kabisa. Ya moto itakumwagia maji yanayochemka usoni. Maji yanatakiwa yafike shingoni. Tanki la akiba likiwa limejaa huku shingo ya rejeta ni tupu, gari linapoteza maji na mwenyewe anajaza pasipotakiwa, au mfuniko umechoka hauvuti maji kuyarudisha. Tazama na rangi. Kulanti, yaani maji maalumu ya rejeta, kwa Toyota ni ya pinki au nyekundu. Magari mengi Dar yanajazwa maji ya bomba kwa kuwa hapa hakuna barafu, ila kazi ya kulanti si barafu peke yake. Inazuia kutu na kulinda sili ya pampu. Maji ya kahawia yenye chembechembe yananitosha kuondoka. Inawezekana ni kutu, inawezekana ni dawa ya kuziba rejeta, na vyote viwili vinaziba njia nyembamba za maji. Ukikuta utelezi wa pinki mzito kama maziwa ya stroberi, oili ya gia imechanganyika na maji ndani ya rejeta, kwa sababu kipoozea cha oili ya gia kimo ndani ya tanki la rejeta. Gia boksi ya namna hiyo usiiguse.

Cha pili ni kiwango cha oili kwenye dipstiki, kile kijiti cha kupimia, na unene wake. Injini hii imeundwa kutumia oili nyepesi, 5W-30 hivi. Ukikuta oili nzito inayonata kama asali, jiulize nani ameimwaga na kwa nini, maana oili nzito inapunguza kuvuja na moshi kwa siku chache. Piga picha ya kiwango. Cha tatu ni ule utando mweupe chini ya mfuniko wa oili. Hapa watu wengi wanakimbia magari mazuri. Utando mwembamba kwenye mfuniko peke yake unaweza kuwa mvuke tu wa gari linalotembea safari fupi fupi. Oili ya dipstiki nayo ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, hapo maji yanaingia kwenye oili, na gasketi ya silinda hedi (sehemu ya juu ya injini iliyofungwa kwenye bloku) inahusika.

Baada ya hapo nilitoa spana namba 10, tochi, tishu nyeupe na kioo kidogo cha mkono. Kioo ni muhimu kuliko tochi. Nyuma ya injini, upande wa ukuta wa kabini, ndiko kunakofichwa mambo, na jicho halifiki. Ukikosa kioo, washa video ya simu na taa yake, ishushe taratibu nyuma ya injini, kisha itazame pembeni kivulini.

Kanuni ninayoshika ni kutafuta mahali pa juu kabisa palipolowa. Oili inashuka, na gari likitembea upepo unaisukuma nyuma, kwa hiyo sampu, bakuli la oili la chini, inaweza kulowa yote wakati kosa liko kwenye gasketi ya tapeti kava, kifuniko cha juu cha injini. Mafundi wamebadilisha sili za krenki, shafti kuu ya injini iliyo chini, bure kwa kuanza kutazama chini. Mimi nilianzia tapeti kava, nikapitisha tishu kwenye ukingo wake wote. Mbele kavu. Upande wa mnyororo wa ndani wa injini kavu. Kona ya nyuma tishu ikatoka na mstari wa kahawia. Kwenye 1NZ eksozi iko nyuma, kwa hiyo oili ya kona hiyo inaangukia kwenye chuma cha moto, na ndiyo harufu ya kuungua inayoingia kabini gari likisimama kwenye foleni.

Hapo usiishie ukingoni. Toa kava ya plastiki ya juu, fungua bolti za koili (zinazopeleka umeme kwenye plagi), moja moja za namba 10, chomoa koili na mulika ndani ya shimo la plagi. Mpira wa koili ukitoka umelowa oili, sili za mashimo ya plagi zimekauka. Oili ikijaa humo inaharibu mpira wa koili, moto wa plagi unakimbilia pembeni, na gari linaanza kukosa moto. Mashimo yote manne ya gari hili yalikuwa makavu. Muuzaji akikukatalia kufungua koili, kazi ya dakika tano isiyoharibu kitu, mimi ningemuaga na kuondoka.

Upande wa mikanda, ambao kwa gari hili ni upande wa dereva, nilitazama vitu viwili. Pampu ya maji ina kitundu kidogo cha kutolea maji sili ya ndani inapochoka. Alama ya pinki iliyokauka chini yake, au chumvi nyeupe, inakwambia pampu inaanza kufa hata kama leo hakuna tone. Bei yake na ufundi inavumilika. Kitu cha pili ni kava ya mnyororo. Imezibwa kwa silikoni, haina gasketi ya karatasi, na ikivuja ili uizibe vizuri unafungua pulii ya krenki, mkono wa injini na vingine vingi. Gharama iko kwenye ufundi, na wengi hawaufanyi. Wanapaka silikoni kwa nje. Kwa hiyo ukiona silikoni mbichi, hasa nyekundu, imefurika kwenye maungio, kuna mtu amejaribu kuficha. Silikoni ya nje haizuii oili inayosukumwa kutoka ndani.

Upande wa gia boksi, tazama maungio yake na injini. Oili nyeusi ikitokea chini pale ni sili ya nyuma ya krenki, nyekundu ni sili ya mbele ya gia boksi. Zote mbili gia boksi inashushwa. Sili yenyewe ni ya bei ndogo, ila utalipia siku nzima ya fundi. Grisi nyeusi iliyotapakaa kwenye mduara karibu na tairi ni buti la CV, mpira unaofunika jointi ya ekseli ya tairi, lililopasuka, lisikuchanganye na kuvuja kwa injini. Na maji masafi yanayodondoka upande wa abiria kiyoyozi kikiwa kinafanya kazi ni ya kawaida.

Tanki la juu la rejeta ni plastiki iliyobanwa kwa meno kwenye alumini. Plastiki likiwa jipya ni jeusi. Joto la miaka linaligeuza kahawia, na likifika hapo siku zake zinahesabika. Tafuta ukoko wa pinki kwenye meno hayo. Ukoko huo ndio ulionifanya niachane na Harrier niliyokuwa nimeiangalia kabla, ingawa yake ilikuwa mahali pabaya zaidi: nyuma ya injini ya 2AZ-FE, pale silinda hedi inapokutana na bloku. Injini hiyo ina kasoro inayojulikana. Bolti za hedi za upande wa nyuma huchomoka na nyuzi zake kwenye bloku ya alumini, hedi inalegea, maji yanatoka nje kidogo kidogo, kisha gari linachemsha. Kubadilisha gasketi peke yake hakusaidii. Inabidi bloku itobolewe na kuwekewa nyuzi za chuma. Muuzaji wa ile Harrier alisema ni kulanti tu iliyomwagika wakati wa kujaza. Kulanti iliyomwagika wakati wa kujaza haipandi nyuma ya hedi kwa mstari.

Sasa poda, ambayo imenisaidia kuliko vifaa vyote. Injini iliyooshwa haina ushahidi, kwa hiyo unautengeneza mwenyewe. Chukua poda ya mtoto, ile ya kawaida ya dukani, na brashi laini ya rangi. Injini ikiwa baridi, pangusa maeneo unayoyashuku mpaka yawe makavu kabisa. Nilitumia kitambaa chenye sabuni ya vyombo, kisha kitambaa kikavu. Petroli usitumie, mvuke wake chini ya boneti ni hatari. Chovya brashi, ikung'ute, kisha pakaza tabaka jembamba kwenye ukingo wa tapeti kava, maungio ya kava ya mnyororo, chini ya pampu ya maji, meno ya rejeta na maungio ya gia boksi. Usiiweke karibu na mkanda wala mdomo wa hewa. Ikiwa nene itadondoka yenyewe kwa mtikisiko na kukuchanganya. Inatakiwa iwe kivuli cheupe tu.

Halafu endesha. Mimi nilitokea Ubungo kupanda Kimara, mlima na foleni pamoja, kiyoyozi kimewashwa. Nusu saa inatosha, ila kabla ya kurudi simama, zima kiyoyozi, maana nacho kinaiwasha feni, na usubiri feni ya rejeta iwake na kuzima mara mbili, vinginevyo huenda injini haijapata joto na presha kamili. Ukirudi acha injini iendelee kuunguruma, mulika. Oili inachora mstari wa kijivu uliolowa juu ya poda nyeupe, unaona mpaka tone lilikoanzia. Maji ya rejeta yanaifanya poda kuwa mabonge yenye rangi ya pinki. Hakuna dalali anayeweza kubishana na mstari huo. Kwenye gari langu mstari ulikuwa mmoja, kona ileile ya nyuma ya tapeti kava, urefu wa kidole. Kila mahali pengine poda ilibaki kavu.

Kabla ya kuzima, fungua mfuniko wa oili na uuweke juu ya tundu bila kuufunga. Ukitikisika kidogo, sawa. Ukirushwa, pistoni zinapitisha gesi nyingi na hakuna gasketi itakayodumu juu ya injini hiyo. Zima, subiri dakika kumi, linganisha dipstiki na ile picha.

Kwa ule mstari mmoja nilipunguziwa laki mbili na ushee. Gasketi nilinunua Kariakoo kwa elfu thelathini na kitu, pamoja na valvu ya PCV, inayotoa gesi za ndani ya injini, maana valvu hiyo ikiziba, presha ya ndani ya injini inasukuma oili nje ya gasketi mpya vilevile. Itikise mkononi: nzima inalia, iliyoziba iko kimya. Wakati wa kufunga, fundi aweke silikoni kidogo sehemu mbili tu, pale kava ya mnyororo inapokutana na silinda hedi, sehemu nyingine zote kavu, na bolti zikazwe kwa nyutoni mita 10. Akizikaza kwa nguvu za mkono zote, gasketi inabinywa, na utaiona tena oili kona ileile.