Siga ikichanika jani la nje, usikimbilie gundi kwanza

Ukisoma maelekezo ya mtandaoni kuhusu siga, ile nene ya majani matupu ya tumbaku, kupasuka utakuta karibu yote yanaanza na ukavu: siga imekauka, iongezee unyevu, weka sponji yenye maji, na kweli kabisa kwa mtu anayekaa Toronto ambako hita inakausha hewa ya nyumba miezi kibao. Sisi wa Dar, Tanga, Mombasa na Zanzibar tatizo letu mara nyingi liko upande wa pili. Hewa ya huku inaotesha ukungu mpaka kwenye mkanda wa ngozi ulioning'inia kabatini, sasa ukimwambia mtu wa huku anyunyizie siga yake maji si ndo umemmalizia?

Siga yenyewe imejengwa hivi. Katikati kuna majani yamekunjwa kwa urefu, hayo ndo mwili wa siga, halafu kuna jani gumu gumu la kuyafunga, halafu juu kabisa ndo hili jani la nje, wengi tunaliita rapa tu, jembamba, limechaguliwa kwa sura na limezungushwa kwa mshazari kutoka chini unapowashia mpaka kichwani. Cuba kule Vuelta Abajo, mkoa wa Pinar del Río, tumbaku ya jani hili inalimwa chini ya vitambaa vilivyotandwa juu ya shamba ili jua lisiipige moja kwa moja, litoke pana na laini. Yaani limebembelezwa tangu shambani afu wewe unakuja kuliacha kwenye droo ya gari Kariakoo saa nane mchana. Unategemea nini?

Kinachotokea ni kwamba majani ya ndani ni mengi, yakinywa unyevu yanavimba, na jani la nje halina pa kwenda kwa hiyo linapasuka, mara nyingi ufa mrefu wa kushuka chini. Ikitoka kwenye chumba chenye kiyoyozi kinachopiga usiku kucha, hewa kavu, jani la nje linakauka wa kwanza, kisha unatoka nayo barazani karibu na bahari mwezi wa nne mvua zinanyesha, hapo ndo inalia tap. Na ukiiwasha ikiwa imeloa, joto la moto linasukuma mvuke kwenye tumbaku ambayo bado haijaungua, inavimba zaidi, unashangaa siga iliyokuwa nzima inaachia ufa ikiwa mkononi. Ukivuta haraka haraka kama sigara ya kawaida ndo unaharakisha. Weka chini, ipoe, vuta moja subiri kama dakika hivi.

Wa Nairobi nyie mna kesi yenu. Mko juu, zaidi ya mita 1,600, na Januari na Februari hewa inakauka kweli, kwa hiyo siga iliyotoka Mombasa imeshiba unyevu ikifika huko inaanza kupoteza maji kwa nje kabla ndani hakujapoteza. Ufa uleule, sababu tofauti. Ndo maana nasema kabla ya gundi jua kwanza iko upande gani. Ibonye taratibu kwa vidole viwili: ikibonyea kama sponji na hairudi, imeloa. Ikitoa sauti ya majani makavu, imekauka. Hiyo unaifanya hata dukani kama muuzaji hana noma.

Dawa ya kweli ni kwenye box unalohifadhia siga. Kwa pwani mimi naweka unyevu wa asilimia 65, sio 70 inayosemwa kila mahali, na sioni sababu ya kupanda. Zile pakiti za kubalansi unyevu zinauzwa za namba tofauti, 65, 69, 72, chukua ya 65, weka kwenye kontena la plastiki lenye raba ya kuziba vizuri, inatosha, sanduku la mbao la bei mbaya sio lazima na huku kwetu mengine yanavuja hewa tu. Haigromita, kile kipimo cha unyevu, usiiamini kabla hujaipima: chukua kizibo cha soda, weka chumvi, dondoshea maji kidogo mpaka iwe kama tope, iweke na haigromita kwenye mfuko uliofungwa barabara, kesho yake lazima isome 75. Ikisoma 70 ujue inakudanganya kwa tano. Siga iliyoloa ikae humo wiki kadhaa. Iliyokauka nayo ni hivyohivyo, taratibu, maana ukiirowesha kwa haraka ndani kunavimba na unapata ufa mwingine juu ya ule wa kwanza.

Haya sasa gundi. Wanaosokota siga wanatumia gundi ya mimea isiyo na ladha, na ya nyumbani iliyo rahisi ni pektini, ile ya unga ya kupikia jemu, kidogo sana na maji mpaka ivutike kwenye kidole. Gamu arabiki pia poa, inatoka kwenye miti ya jamii ya mgunga na Sudan ndo wenyewe. Ukikosa vyote uji mwepesi wa ngano, kama ule tuliokuwa tunagundishia tiara utotoni, unashika. Asali hapana, sukari inaungua inakuwa chungu. Na supagluu jamani, kuna watu wanatumia supagluu kwenye kitu wanachokwenda kukichoma na kuvuta, sijui niseme nini.

Ufa mdogo paka kwa ncha ya kidole chini ya ukingo wa jani, bonyeza, acha ikauke kabla ya kuwasha. Ufa wa pale unapowashia usihangaike nao, kama ni mfupi moto utaumaliza, kama unapanda kata kipande hicho kwa kisu kikali. Kichwani kukianza kufunguka kama bandeji ujue umekata chini ya mstari wa kofia, kile kipande cha jani kinachofunika kichwa, milimita mbili tatu zinatosha, gundisha na uendelee. Ile pete ya karatasi nayo usiibandue siga ikiwa ya baridi, gundi yake wakati mwingine imegusa jani na unaondoka na ngozi. Subiri moto ukaribie, inalegea yenyewe. Na kama ufa uko karibu isogeze pete ikae juu yake, ni plasta ya bure.

Tundu kubwa ndo linataka kiraka. Hapa unahitaji siga ya spea, ile iliyobana haivutiki, ya rangi ileile, unaibandua jani lake polepole ikiwa na unyevu kidogo. Angalia mishipa ya jani: jani la tumbaku linapasuliwa katikati na nusu ya kushoto husokotwa kinyume na ya kulia, kwa hiyo kiraka chako mishipa ilale upande mmoja na ya siga unayoitibu, la sivyo kinajikunja. Kata kikubwa kuliko tundu. Kuna waliowahi kuniuliza kwa nini tusitumie tumbaku yetu, ila ya Tabora na Urambo ni ya mvuke, yaani inakaushwa kwa joto bila moshi, ya sigara za kawaida, na ya Songea ni ya moshi, ladha haiendi kabisa. Rizla, karatasi ya kusokotea sigara, inashika pia, sura yake tu ndo mbaya.

Wanaonunua wakiwa pwani, jani la Cameroon ni tamu lakini ni jembamba linachanika ukiliangalia vibaya, maduro, lile jani jeusi, kwa kawaida ni nene na vumilivu zaidi.

Vitundu vidogo vya mviringo kama vya pini vikiambatana na unga unga chini ya box hiyo sio kuchanika, ni mdudu wa tumbaku, na joto letu la Dar analipenda. Achana na gundi, funga siga zote kwenye mfuko, friji siku moja, friza siku tatu, rudisha friji siku moja ndo zitoke, maana ukizitoa friza moja kwa moja kwenye joto zitapasuka zote.